Mapitio: Matembezi ya Kusoma Nyayo Kwenye Matope ya Mikindani

Huduma ninayoieleza hapa ni matembezi ya kuongozwa pembezoni mwa ghuba ya Mikindani, kilomita chache kutoka Mtwara mjini, ambako kikundi kidogo cha wakazi huwapeleka wageni topeni wakati wa maji kupwa na kuwafundisha jinsi nyayo za watu, ndege na kaa zinavyojichora kwenye mashapo laini ya pwani, kwa nini nyingi hufutika kabla jua halijachwa, na kwa nini chache hudumu. Matembezi yana sehemu mbili zinazolipiwa kwa pamoja. Siku ya kwanza mgeni huacha nyayo zake mwenyewe, na baada ya siku kadhaa hurudi kuona yaliyozipata. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike mapitio haya, kwa sababu wengi wanaotembeza watu ufukweni huwaonyesha kilichopo, ilhali hawa humwonyesha mtu kinachobaki, na elimu yote ya nyayo imo katika kubaki huko.

Kufika si kazi. Daladala za Mikindani hutoka Mtwara mjini mchana kutwa, na bajaji humfikisha mtu karibu kabisa na mikoko. Ada ni shilingi 15,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mwanafunzi, kwa siku zote mbili, pamoja na karatasi ya maelezo na maji safi ya kunawia miguu. Nilikwenda na mwanangu anayesoma kidato cha pili na shangazi yake. Kiongozi wetu alikuwa mzee aliyeanza uvuvi hapo hapo tangu utotoni, akisaidiwa na kijana aliyesoma jiografia chuoni, na mgawanyo huo ulitufaa sana, kwa kuwa mzee analijua tope kwa miguu yake na kijana anazijua sababu zake.

Uhodari wao unaonekana kwanza katika kupanga tarehe. Hawampokei mgeni siku yoyote anayoitaka. Nilipopiga simu kuomba Jumamosi niliyokuwa na nafasi, kijana aliangalia kwanza mwezi umefika tarehe ngapi, kisha akaniomba nisogeze mbele, na sababu aliyonipa inastahili kuelezwa kwa kirefu. Katika pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuatia mwezi kuandama na mwezi mpevu, tofauti kati ya kimo cha maji yaliyojaa na kile cha maji yaliyokupwa huzidi mita 3, na bahari hupanda hadi kwenye tambarare ya juu iliyo nyuma ya mikoko, ikailowesha yote. Baada ya hapo kimo cha kujaa hupungua siku hadi siku mpaka yanapofika maji mafu, ambapo bahari haiifikii tena tambarare hiyo. Unyayo uliokanyagwa pale siku mbili tatu baada ya kilele cha bamvua hulikuta tope lingali na unyevu wa kulipokea umbo, kisha huachwa kwa siku nyingi bila kuguswa na wimbi. Unyayo huo huo ukikanyagwa wakati bamvua inakaribia, maji ya kesho yake hupanda juu zaidi ya yale ya leo na kuuondoa kabla haujashika nguvu.

Lipo jambo jingine linalouhusu mwezi na jua kwa pamoja. Katika pwani ya Tanzania kupwa kwa bamvua huangukia saa nne hadi saa tano hivi, asubuhi na usiku, na kujaa kwake huangukia karibu na saa kumi. Maana yake ni kwamba tambarare ya juu hubaki wazi katika saa ambazo jua ni kali kuliko zote, tofauti na nchi ambazo bamvua yao hujaa adhuhuri na kulifunika tope wakati ule ule ambao lingekuwa linakauka. Sikuwahi kumsikia mtembezaji mwingine akilitaja jambo hili, nami naliona kuwa ndilo ufunguo wa kuelewa kwa nini ghuba kama ya Mikindani hushika nyayo vizuri.

Matembezi yenyewe huanzia chini, kando ya mkondo wa maji, na kupanda polepole kuelekea nchi kavu, na mgeni hutakiwa kukanyaga mahali patatu palipochaguliwa. Mahali pa kwanza ni mchanga mnene. Mzee alimwambia mwanangu asimame kwa mguu mmoja na kuangalia chini, naye akaona mchanga uliouzunguka mguu ukipauka ghafla kana kwamba umekauka, ingawa dakika moja nyuma uliwaka kwa maji. Kijana alieleza kwamba chembe za mchanga zilizoshikana vizuri haziwezi kusukumwa bila kupandana na kuachiana nafasi, kwa hiyo mguu unapokandamiza, nafasi kati ya chembe hupanuka na maji ya juu huzamia humo. Mguu ukiondolewa chembe hurudi, maji hurudi, na kuta za unyayo huporomoka mbele ya macho ya mtu. Chembe za mchanga hazinatani zenyewe; kinachozishikilia ni maji membamba yaliyo katikati yake tu, na maji hayo yakizidi au yakikauka kabisa, hakuna tena cha kushikilia.

Mahali pa pili ni tope jeusi la katikati, laini na lenye kunuka, ambalo mguu huzama ndani yake hadi kwenye kifundo na pengine kupita. Hapa wageni wengi hudhani watapata unyayo bora kuliko yote kwa kuwa ndio wenye kina, na hapa ndipo nilipoona ubora wa kufundishwa kwa vitendo. Tope lililolowa kupita kiasi hutiririka; linaurudia mguu kutoka pande zote, na mtu anapoutoa mguu wake hulivuta tope pamoja nao, likaziba juu na kuacha tundu lisilo na umbo. Kidole hakionekani, kisigino hakionekani, wala mtu hawezi kujua kama aliyepita ni mtoto au mtu mzima. Kina kirefu hueleza habari za tope kuliko habari za aliyepita.

Mahali pa tatu, ambapo muda mwingi hutumika na inavyostahili, ni tambarare ya juu, nyuma kidogo ya michu, aina ya mikoko yenye vimizizi vinavyochomoza ardhini ili kupumua. Pale mashapo ni mchanganyiko wa tope la mfinyanzi na mchanga mwembamba sana, uliokwisha kuchuja maji yake lakini haujakauka. Nilipokanyaga niliacha unyayo usiozidi kina cha ukucha wa kidole gumba, na ndani yake vidole vyote vitano vilionekana, pamoja na mikunjo ya ngozi iliyo chini ya kisigino. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na bapa, hunatana zenyewe, na ndiyo maana hulihifadhi umbo hata baada ya mguu kuondoka. Mzee alipita akionyesha kwa kijiti jinsi uzito unavyosafiri: kisigino hutua kwanza na kuchimba, kisha uzito hupita ukingo wa nje wa wayo, huhamia chini ya vidole, na mwisho kidole gumba husukuma nyuma ili mwili uende mbele, kikiacha kishimo chake na kijilima cha tope nyuma yake. Kwa mtu anayekimbia kijilima hicho ni kikubwa na kisigino huweza kukosekana kabisa. Kwa mtu anayetembea pole, kisigino na kidole gumba hukaribiana kwa kina. Shangazi alibebeshwa ndoo ya maji akapita kando ya njia yake mwenyewe ya awali, na hatua zake za pili zikawa fupi zaidi na zilizotanuka zaidi kwa upana, jambo ambalo sote tuliliona bila kuelekezwa.

Hapo mzee alichukua kisu kirefu, akamwomba mwanangu ruhusa ya kuukata mmoja wa nyayo zake, akaupasua kutoka kisigino hadi vidole na kuondoa upande mmoja wa tope kwa uangalifu mkubwa. Ukuta uliobaki ulikuwa na mistari myembamba ya rangi ya kijivu na ya mchanga mweupe, kila mstari ukiwa ni mashapo yaliyoletwa na kujaa kwa maji kulikopita, na mistari hiyo yote ilikuwa imepinda chini ya kisigino. Ilikuwa kama mikeka iliyorundikwa ambayo mguu wa kitanda umeikandamiza: mkeka wa juu umebonyea kabisa, wa chini yake umebonyea kidogo, na wa chini zaidi hauna habari. Kutokana na hilo kijana akatueleza jambo ambalo watafiti wa nyayo za kale hulizingatia sana, kwamba unyayo una tabaka nyingi, na ule wa juu ukifutwa na maji, kivuli chake chaweza kubaki kwenye tabaka la chini ambalo mguu haukuligusa kamwe. Anayekipata kivuli hicho baada ya maelfu ya miaka akidhani ndio unyayo wenyewe, atamkadiria vibaya mwenye mguu, kwa kuwa kivuli huwa kipana kuliko wayo na vidole vyake hufifia. Somo hili la kisu peke yake linatosha kuihalalisha ada.

Kuhusu ndege na kaa nitasema machache, si kwa kuwa ni habari ndogo bali kwa kuwa mgeni ataona mwenyewe. Kulastara huacha vidole vitatu mbele na kimoja kirefu nyuma, hatua zake zikifuatana karibu katika mstari mmoja, ilhali ndege wadogo wa ufukweni wanaotujia kutoka kaskazini ya mbali huacha vidole vitatu tu na pengine nukta mahali pa kile cha nyuma. Kaa huacha safu mbili za vitone, na kaa wadogo wa topeni huacha pia vidonge vya mchanga walivyovitafuna na kuvitema. Tondo, yaani konokono wa topeni, wanapojiburuta huchimba mifereji mirefu inayokatiza nyayo za wengine, na kwa kuangalia nani amemkatiza nani mwanangu aliweza kupanga waliopita kwa zamu: kulastara kwanza, kisha tondo, kisha mtoto wa mtu, kisha kaa.

Jambo nililolithamini kuliko yote siku hiyo ya kwanza lilikuwa utando. Sehemu za tambarare zina rangi ya kijani iliyokolea hadi kuwa kama nyeusi, na mtu asiyejua hupita akidhani ni uchafu. Kijana alikata kipande kidogo, akatupa kioo cha kukuza, tukaona nyuzi laini zikiwa zimeshonana na chembe za mchanga zimenasa humo. Hao ni vijidudu, wengi wao sianobakteria, ambao hutoa ute unaonata, na ute huo huzifunga chembe za juu kiasi kwamba maji yanayokuja polepole hayawezi kuzichukua. Mguu ukitua juu ya utando ambao bado ni mpya, tope hupokea umbo, kisha vijidudu huendelea kukua ndani ya unyayo na kuuvisha ngozi nyembamba. Mashapo mapya yakimwagika juu yao, hupanda kuitafuta nuru na kuunda utando mwingine juu, na unyayo ukabaki chini kati ya ngozi mbili. Mahali pasipo na utando unyayo hutegemea bahati ya jua na upepo. Penye utando una mlinzi aliye hai.

Siku ya pili tulirudi wakati maji mafu yalikuwa yameanza kuisha. Nyayo za mchangani hazikuwepo hata alama, na nyayo za tope jeusi zilikuwa zimegeuka visima vidogo ambavyo kaa walikuwa wamehamia na kuchimba matundu yao humo. Kaa na minyoo ni adui wa nyayo kuliko mawimbi katika ghuba iliyotulia, kwa sababu huligeuza tope juu chini kila siku, na ni pale tu ambapo ardhi ni kavu mno au ina chumvi nyingi mno kwao ndipo tabaka hubaki zimelala jinsi zilivyowekwa. Kule juu tulikuta picha nyingine kabisa. Nyayo zetu zilikuwa zimekauka na kupauka, ukingo wa kila moja umeshika chumvi iliyometameta, na nyufa zilikuwa zimeanza kutoka kwenye ncha za vidole na kwenye pembe za kisigino, mahali ambapo tope lilikuwa limebanwa zaidi. Unyayo mmoja wa shangazi ulikuwa umejaa mchanga mwembamba mweupe uliopeperushwa na upepo kutoka ufukweni. Mzee akapiga magoti, akaupuliza mchanga ule kwa pumzi tu, na unyayo ukatokea chini yake ukiwa mzima, mikunjo ya ngozi ikiwa bado imo.

Pale ndipo alipotufundisha sharti lililo muhimu kuliko kukauka, nalo ni kufunikwa kwa upole na kwa kitu kisichofanana na kilicho chini. Tope likifunikwa na tope lile lile, vyote viwili vitashikana kuwa kitu kimoja na hakuna atakayeweza kuvitenganisha tena. Likifunikwa na mchanga, mpaka wa vitu hivyo viwili unabaki kuwa mahali pa udhaifu, na siku ambayo upepo, bahari au nyundo itaufungua, tabaka zitaachana pale pale ambapo wayo uligusa. Mwanangu aliuliza: "Babu, kwa hiyo tukiuacha huu utakuwa jiwe?" Mzee akamjibu kwamba hilo litategemea bamvua inayokuja: maji yakipanda taratibu na kumwaga mashapo yake juu ya mchanga ule, unyayo utakuwa umepata kifuniko cha pili, na yakija na upepo mkali, utakuwa umekwisha.

Jibu hilo la mzee ni bora kuliko lile lililoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, na hapa lazima niseme kasoro kubwa ya huduma hii. Karatasi inasema kwamba jua huligeuza tope kuwa jiwe. Si kweli, na mwanafunzi akiiamini sentensi hiyo ataharibu uelewa wake wote wa miamba mashapo. Tope lililokaushwa na jua ni gumu kwa muda tu. Likiloweshwa ghafla hulegea na kusambaratika. Ili liwe mwamba linahitaji kuzikwa chini ya tabaka nyingine nyingi, kubanwa na uzito wake hadi maji yatoke, na kupata kitu cha kuzigandisha chembe, mara nyingi chokaa au silika (madini ya mchanga) iliyoyeyuka katika maji yanayopita ardhini, na kazi hiyo huchukua muda ambao hesabu ya maisha ya binadamu haiufikii. Kazi ya jua ni kuuwezesha unyayo usubiri kifuniko.

Mifano iliyotajwa kwenye karatasi ni sahihi lakini imerundikwa bila kuunganishwa na kile mgeni anachokiona kwa macho yake, na ningependa waandishi wake waipange upya. Laetoli, kaskazini mwa nchi yetu, ambako timu ya Mary Leakey ilifichua mwaka 1978 njia ya nyayo za viumbe waliotembea wima takribani miaka milioni 3.6 iliyopita, haikuwa pwani kabisa. Ilikuwa ni jivu la volkano lililoloweshwa na mvua nyepesi, likashika umbo, likagandana, kisha likafunikwa na jivu jingine. Engare Sero, karibu na ziwa Natron, kulikopatikana nyayo zaidi ya 400 za watu wa zamani, nako ni habari ya majivu yaliyogeuka tope. Mgeni aliyetoka kuuona unyayo uliojaa mchanga pale Mikindani angeelewa haraka zaidi kama angeanza kuambiwa juu ya Formby, katika pwani ya magharibi ya Uingereza, ambako watu, kulungu wekundu na korongo walikanyaga tope la kupwa na kujaa kwa maelfu ya miaka, jua likalikausha, mchanga ukalifunika, na leo bahari ile ile inazifungua tabaka hizo moja baada ya nyingine na kuzila. Angeelewa pia habari ya Happisburgh, upande wa mashariki wa nchi hiyo hiyo, ambako mwaka 2013 mawimbi yalifichua kwenye tope la kale la mlango wa mto nyayo zenye umri wa zaidi ya miaka 800,000, na ndani ya wiki chache mawimbi hayo hayo yakazifuta zote, zikabaki picha na vipimo tu. Kinachohifadhi nyayo pwani ndicho kinachoziangamiza, na tofauti ni kasi yake.

Pia inashangaza kwamba karatasi haitaji hata kidogo Tendaguru, iliyo katika mkoa wa jirani wa Lindi. Mifupa ya dainosaria iliyochimbwa huko na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na kubebwa na wapagazi wa kwetu hadi bandari ya Lindi, ililala katika mashapo yenye umri wa takribani miaka milioni 150, ambayo tabaka zake za tope hupokezana na tabaka za mchanga wa baharini zenye makombe. Yaani wakati ule nako kulikuwa na ghuba tulivu, tambarare za kupwa na kujaa, na fungu la mchanga lililoikinga dhidi ya bahari kuu. Mtoto wa Mtwara au Lindi anayesimama topeni Mikindani anaangalia mandhari ya aina ile ile iliyoihifadhi mifupa maarufu kuliko yote iliyotoka kusini, na anastahili kuambiwa hivyo akiwa bado amesimama hapo.

Mwisho wa siku ya pili kuna kazi ya kuchukua nakala ya unyayo, nayo hufanywa kwa ustadi. Kijana hukoroga unga wa jasi, ule ule wanaoutumia mafundi wa dari, sehemu mbili za unga kwa sehemu moja ya maji, huweka ukingo wa bati jembamba kuuzunguka unyayo, na kumimina kutoka pembeni juu ya kijiko ili uji usianguke moja kwa moja na kuvunja vidole. Baada ya nusu saa hivi nakala huinuliwa na kufutwa kwa brashi laini. Jasi yenyewe inachimbwa wilayani Kilwa, na nadhani wangelitaja hilo kwa fahari. Nakala ya mwanangu ilitoka na vidole vyote na sehemu ya ufa mmoja, na mwalimu wake wa jiografia ameiomba kwa ajili ya darasa. Ningependekeza tu kwamba masalio ya jasi yabebwe yote kurudi nayo, kwa kuwa niliona vipande vya wageni waliotutangulia vikiwa vimeachwa kando ya mikoko.

Kuna suala la heshima pia, na hapa huduma inastahili sifa. Tambarare ile si ya wageni. Kina mama hushuka kila maji yanapokupwa kuchokoa kome na kuokota tondo, na njia zao ni za kila siku. Mzee aliwaamkia kila walipopita, akatusimamisha kando wao wapite kwanza, na hakuturuhusu kukanyaga mahali walipokuwa wakifanya kazi wala kuwapiga picha. Mama mmoja alisimama, akaangalia nyayo zilizokauka, akatuonyesha ule wa jirani yake aliyepita juzi akiwa na mtoto mgongoni, akiutambua kwa kidole cha pili kilichopinda. Hakuna karatasi ya maelezo inayoweza kufundisha usomaji wa aina hiyo.

Kasoro nyingine ni za kawaida na zinarekebishika. Hakuna kivuli hata kimoja kule juu, na saa tatu za jua la mchana ni nyingi kwa mzee au mtoto mdogo, kwa hiyo turubai moja lililofungwa kwenye miti lingesaidia. Wageni huambiwa waende peku ili waache nyayo zao, jambo ambalo ni sahihi kwa mahali pa tatu, lakini kwenye tope jeusi kuna makombe makali yaliyozikwa, na shangazi alikatwa kidogo chini ya wayo. Viatu vya mpira vingevaliwa hapo na kuvuliwa juu, somo lisingepungua chochote. Siku ya pili imepangiwa muda mfupi kuliko ya kwanza ilhali ndiyo yenye mambo mengi, na sehemu kubwa ya muda huo huliwa na kungoja jasi igande. Wangeanza kwa kumimina jasi kisha wakafundisha wakati inaganda.

Kwa anayepanga kwenda, miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo bora. Mvua za kusini huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na tone la mvua likianguka kwenye tope laini huchimba kishimo chake lenyewe, hata unyayo mzuri ukajaa madoa mpaka usisomeke, ingawa mwenye kupenda elimu hii atafurahi kuona kwamba hata vishimo hivyo vya mvua huweza kuhifadhiwa kama nyayo. Mtu apige simu mapema, akubali tarehe atakayopewa hata kama si ya mwisho wa wiki, avae nguo anazoweza kuzikunja hadi magotini, na ahakikishe kabla ya kulipa kwamba ataweza kurudi siku ya pili. Asiyeweza kurudi namshauri asubiri mpaka apate nafasi, kwa sababu ada ni ile ile, na atakayeona siku ya kwanza peke yake atakuwa amelipia nusu ya somo.